Paskalia na Chanja ya Kwanza

Kila Jumanne na Ijumaa, jogoo walipoanza kuwika, wasichana wa Lukuyu walikuwa wamekwisha kuamka. Lukuyu kilikuwa kijiji cha mlimani, juu ya mji wa Morogoro, huko ambako ukungu hauondoki mpaka jua liwe kali. Wasichana walikutana mbele ya nyumba ya Mama Felista, wakapanga mboga ndani ya matenga: kabichi chini, karoti katikati, njegere juu. Halafu walifunika kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa maji. Kila mmoja alisokota ngata yake, akaiweka kichwani, akajitwika.

Siku hizo Wadachi, yaani Wajerumani, ndio waliokuwa wakitawala nchi. Reli ilikuwa imekwisha kufika Morogoro, na sasa ilikuwa ikijengwa kuelekea Kilosa. Watu waliokuwa wakiijenga walikaa kambini, na watu wa kambini lazima wale. Basi Bwana Ebrahim, mwenye duka karibu na stesheni, alizipokea mboga za Lukuyu, akawapa wasichana chumvi, majembe na vitambaa vya kaniki. Yeye naye aliwauzia wapishi wa kambi. Mpishi alifika dukani asubuhi, akachukua mboga, akakimbilia garimoshi la vifaa kabla halijaondoka. Likishaondoka, basi tena. Chumvi karibu yote iliyoliwa Lukuyu ilitoka katika safari hizo.

Mama Felista ndiye aliyewaongoza. Alitangulia mbele, na wasichana wakamfuata mmoja mmoja, kwa kuwa njia ya mlimani haina nafasi ya watu wawili kwenda sambamba. Njiani kulikuwa na chanja mbili. Chanja hizo zilikuwa za miti, zimejengwa juu kiasi cha kichwa cha mtu, ili mwenye mzigo alisukume tu tenga likae, bila kuinama. Kila chanja ilikuwa karibu na chemchemi. Desturi ya wabebaji wa Lukuyu ilikuwa moja: hakuna mtu wa kutua mzigo kabla ya aliyetangulia kutua. Tena ilikuwa mwiko kusema "nimechoka" mzigo ukiwa kichwani. Walisema neno hilo huuongezea mzigo uzito.

Jumatatu moja Mama Felista alikuwa akilima bustanini, jembe likamteleza likamkata mguu. Jeraha lilikuwa kubwa, akashindwa kukanyaga. Jioni alimwita binti yake, Paskalia, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

"Kesho utatangulia wewe," mama alisema.

"Mimi, mama? Mbona Cecilia ni mkubwa kuliko mimi?"

"Njia unaijua, na Bwana Ebrahim anakufahamu. Nenda kama ninavyokwenda mimi. Basi."

Paskalia aliona anajua vizuri mama yake anavyokwenda. Si alimwona kila safari? Anatembea mgongo umenyooka, tenga lake ndilo kubwa kuliko yote, wala halalamiki. Usiku huo Paskalia hakupata usingizi mzuri. Aliwaza moja tu: wenzake wasije wakasema ameshindwa.

Asubuhi bibi yake alimpa uji. Paskalia alisema hana nafasi ya kula, watu wanamngoja. Alipofika nje alimkuta Yustina, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akihangaika na tenga lake.

"Lete hizo kabichi," Paskalia alisema. Akazitoa kabichi katika tenga la Yustina, akazitia katika lake.

Cecilia alikuwa akitazama. Msichana huyu alikuwa na mdomo mwepesi, na mambo machache sana yalimpita bila kuyasemea.

"Ehe," alisema. "Leo tumepata mama mpya. Mama, na mimi nibebee karoti."

Wasichana walicheka. Paskalia alilifunika tenga lake kwa majani. Alijitwika, akashika njia, akaenda kwa haraka kuliko mama yake alivyozoea kwenda.

Walipofika kwenye chanja ya kwanza, mwisho wa migomba, Paskalia hakuwa amechoka. Aliiangalia chanja, akaona kutua hapo ni uvivu. Akapita. Nyuma yake alisikia ngata zikirekebishwa na mtu akivuta pumzi, lakini hakuna aliyesema amechoka, kwa sababu kulisema neno hilo ni mwiko.

Kwenye chanja ya pili, juu ya mto, shingo ilikuwa inamuuma na miguu inatetemeka. Njaa nayo ilikuwa imeanza. Akajiambia moyoni, "Nikitua sasa, Cecilia atajua kwamba chanja ya kwanza nilipita kwa kiburi tu." Akapita na hiyo.

Mto ule ulivukwa kwa kukanyaga mawe. Paskalia alikanyaga jiwe la kwanza vizuri, na la pili. Kwenye jiwe la tatu goti lilimlegea. Akaenda chini na tenga lake. Kabichi zilitoka, zikaelea, zikaondoka na maji moja baada ya nyingine kama bata.

Wenzake walisimama ukingoni, matenga vichwani. Walitazamana. Hakuna aliyejua la kufanya.

"Paskalia," Cecilia aliita. "Hebu tuambie. Hapo umetua au umeanguka? Maana sisi tunataka kujua kama tumeruhusiwa kutua."

Mmoja alicheka, akaziba mdomo. Yustina alikuwa analia kimyakimya, kwa sababu kabichi zake zilikuwa miongoni mwa zile zilizokuwa zikienda.

"Tueni," Paskalia alisema kutoka majini.

Walikaa hapo kwa muda mrefu wakikimbiza kabichi. Nyingine walizipata zimepasuka kwenye mawe, na nyingine hawakuziona tena. Jua lilipanda. Majani ya mgomba, ambayo kila safari waliyalowesha upya kwenye chemchemi za chanja, siku hiyo yalikuwa yamekauka na kujikunja. Walipokuwa wakiingia mjini walisikia filimbi ya garimoshi, kisha wakauona moshi ukielekea Kilosa.

Bwana Ebrahim alikuwa mlangoni pa duka.

"Shikamoo, bwana," wasichana walisema.

"Marahaba. Mpishi amekwenda zake." Alifunua tenga moja, akatoa ganda la njegere, akalikunja kwa vidole. Lilipinda kama kamba. "Mnaona? Njegere nzuri ukiikunja inavunjika, unasikia sauti. Hii inapinda tu. Nitamwuzia nani hii?"

Paskalia aliangalia chini.

"Mama yako yuko wapi?"

"Amejikata mguu, bwana. Leo nimeongoza mimi."

Bwana Ebrahim alilirudisha ganda ndani ya tenga. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kazi. "Mpe pole sana. Ila mwambie hivi: watu wa kijiji cha ng'ambo ya bonde wamekuja hapa kuomba kuleta mboga, nikawaambia ninao watu wangu wa Lukuyu. Ijumaa mkiniletea kama hizi, nitawaita wao. Mimi pia nina mtu wa kumjibu."

Mkewe, Bibi Sherbanu, alitoka ndani akaliona goti la Paskalia, lililochubuka kwenye mawe ya mto.

"Njoo nikutie dawa, mwanangu."

"Siumwi, bibi."

"Huumwi? Na damu hii ni ya nani, ya jirani?"

Alimkalisha kwenye ngazi, akaliosha goti, akalipaka manjano yaliyochanganywa na mafuta. Kisha akampa kikombe cha chai ya tangawizi na kipande cha mkate. Paskalia alikula mpaka makombo. Hapo ndipo alipojua jinsi njaa ilivyokuwa imemzidi.

Njia ya kurudi ilikuwa kimya. Walirudi na chumvi kidogo, imefungwa katika pembe ya kitambaa kimoja. Walipofika kijijini Paskalia alimwambia Cecilia, "Ijumaa uongoze wewe. Mimi sifai."

Cecilia alimtazama. Kisha akajitwika tenga lake tupu, akaenda kwao.

Mama Felista alikuwa amekaa barazani, mguu umefungwa majani ya dawa. Paskalia alimweleza yote: mto, kabichi, filimbi, maneno ya Bwana Ebrahim. Alipomaliza alisema, "Nimemwachia Cecilia."

"Mh," mama alisema. "Uji ulikunywa?"

"Hapana."

"Kwenye chanja ya kwanza ulitua?"

"Sikuwa nimechoka, mama."

"Mimi nikifika pale huwa nimechoka?"

Paskalia alifikiri. Alikumbuka safari nyingi. Mama alifika kwenye chanja ya kwanza hajatoka hata jasho, lakini alitua. Alikunywa maji, akalowesha majani, akapita akiangalia ngata ya kila mmoja, ndipo akajitwika tena.

"Hapana," alijibu polepole. "Huwa hujachoka."

"Sasa kwa nini natua?"

"Kwa sababu ya Yustina?"

"Yustina, na yeyote aliye nyuma. Wao hawawezi kusema. Hawawezi kutua kabla yangu. Nikijifanya chuma, wao nao itabidi wawe chuma, na watu si chuma." Mama alibadilisha mguu, akakunja uso kwa maumivu. "Na jambo la pili. Ulizichukua kabichi za mwenzako juu ya mzigo wako. Ulikuwa na moyo mzuri. Lakini wewe ukianguka, nani ataangalia njia? Ungezigawa kwa wote, kila mtu moja."

"Nilitaka waone kuwa ninaweza."

"Wamekuona ukiwa mtoni," mama alisema. Wakatazamana, wote wawili wakacheka kidogo, ingawa Paskalia alikuwa na machozi machoni.

"Ijumaa nimwache Cecilia?"

"Hilo sikuamulii. Anayeanguka anaweza kuongoza. Asiyekubali kwamba ameanguka ndiye hawezi. Kula kwanza. Ulale. Kesho utajua mwenyewe."

Kesho yake Paskalia aliwakuta wenzake kwenye chemchemi wakichota maji. Alitamani kurudi nyumbani, lakini alisimama palepale.

"Jana nilikosea," alisema. "Nilipita chanja zote mbili kwa kutaka sifa. Mboga zimeharibika kwa sababu yangu. Nisameheni."

Maji yaliendelea kujaa mtungini.

"Nataka kuongoza tena Ijumaa. Lakini peke yangu siwezi. Cecilia, mimi nikiwa mbele sioni nyuma. Wewe ukae mwisho. Ukiona mtu anayumba, imba. Nikisikia wimbo, nitajua."

Cecilia alitua mtungi. "Kwa hiyo leo mdomo wangu umepata kazi."

"Umepata."

"Na nikiimba kwa sababu mimi mwenyewe nimechoka?"

"Imba tu. Sitauliza ni nani."

"Haya," Cecilia alisema. "Lakini mto ule usinizoee. Mimi sikimbizi kabichi tena."

Wote walicheka, na safari hii Paskalia alicheka pamoja nao.

Ijumaa ilikuja na mvua nyembamba. Njia ilikuwa matope. Paskalia alikunywa uji wake wote, akafunga magimbi ya kuchemsha katika jani. Kabichi zilizozidi nguvu za Yustina ziligawanywa, kila mmoja akachukua yake. Wakashika njia.

Walifika kwenye chanja ya kwanza. Paskalia hakuwa amechoka hata kidogo. Akasukuma tenga juu ya miti, akatua. Nyuma yake matenga yalituliwa moja moja, na pumzi zikashuka. Alilowesha majani, akaangalia ngata. Ngata ya mmoja ilikuwa imelegea, wakaisokota upya. Halafu wakaendelea.

Katikati ya njia matope yalizidi, wakaenda polepole. Mara sauti ya Cecilia ikasikika kutoka nyuma, ikiimba wimbo wa kutwanga, kwa makosa mengi. Paskalia alipunguza mwendo. Hakugeuka kuuliza.

Walipokaribia chanja ya pili, filimbi ya garimoshi ililia kule chini, ndefu. Ilikuwa filimbi ya kwanza, ya kuwaita watu. Ya pili ikilia, garimoshi linaondoka.

"Paskalia," msichana aliyekuwa nyuma yake alisema, "tupite. Tukipita tutawahi."

"Tupite," mwingine alisema. "Bwana Ebrahim atawaita wale wa ng'ambo."

Paskalia alilishika tenga lake kwa mikono miwili. Aliona mbele yake lile duka, lile ganda la njegere likipinda, na uso wa mama yake. Wakipita wangeweza kuwahi. Tena mto ulikuwa umejaa kuliko Jumanne, na mawe yalikuwa yanateleza. Aligeuza kichwa taratibu, akamwona Yustina. Shingo ya mtoto ilikuwa inatetemeka, na macho yake yalikuwa yametazama chanja tu.

Paskalia akasukuma tenga lake juu ya miti.

"Tueni," alisema. "Kuleni gimbi, kunyweni maji, lowesheni majani. Hatukai."

"Umesikia filimbi lakini?" Cecilia aliuliza kutoka mwisho.

"Nimesikia."

"Haya, kama umesikia." Akatua, akachukua gimbi kubwa kuliko yote.

Hawakukaa. Walikula wakiwa wamesimama, wakalowesha majani, wakapigapiga miguu matope yatoke. Kisha wakajitwika. Paskalia alivuka mto kwanza, akasimama ng'ambo akiwaonyesha kila mmoja jiwe la kukanyaga. Yustina alivuka miguu yake imetulia. Hakuna aliyeteleza. Baada ya mto njia ni tambarare, na hapo wote waliweza kukaza mwendo pamoja, kwa sababu hapakuwa na aliyebaki nyuma.

Mpishi wa kambi alikuwa mlangoni pa duka, mguu mmoja ndani, mwingine nje, kapu lake lina vitunguu tu. Bwana Ebrahim alifunua tenga la kwanza bila kusalimu. Alichukua ganda la njegere, akalikunja.

Tak.

"Pima haraka," mpishi alisema. "Zote, zote, nitachelewa."

Walisaidiana kumjazia makapu, naye na wachukuzi wake wakakimbia nayo stesheni. Filimbi ya pili ililia wakati mchukuzi wa mwisho alipokuwa akikata kona.

"Mmechelewa kidogo," Bwana Ebrahim alisema.

"Ndiyo, bwana," Paskalia alijibu. "Njia ina matope. Tukapumzika pia."

"Mkapumzika?" Alimtazama, akatazama mboga chache zilizobaki, mbichi, zina maji bado. "Basi Jumanne mpumzike tena." Akaingia ndani kuchota chumvi, na safari hii chumvi haikuenea katika pembe ya kitambaa kimoja.

Mguu wa Mama Felista ulichukua muda kupona. Siku alipoweza kubeba tena, wasichana walidhani atatangulia kama zamani. Lakini alichukua tenga dogo, akaenda kusimama nyuma kabisa, karibu na Cecilia.

"Mama, nafasi yako ni mbele," Paskalia alisema.

"Mguu wangu bado hauendi haraka. Nenda."

Walipofika kwenye chanja ya kwanza, Paskalia alikawia kidogo kwa kuwa alikuwa akitoa jani lililoanguka juu ya miti. Aligeuka akamwona mama yake, yule aliyemfundisha njia, amesimama mwisho wa safu, tenga kichwani, kimya.

"Mama, tua basi."

"Nitatuaje? Nangoja kiongozi wangu atue."

Paskalia alitua haraka, na wote wakatua. Mama Felista alikuja akaketi kwenye jiwe, akanyoosha ule mguu.

"Sikilizeni, nyote," alisema, "kwa maana kila mmoja wenu siku moja atatangulia mahali, ikiwa ni njiani, ikiwa ni shambani, ikiwa ni nyumbani kwake. Mkitangulia, msidhani nguvu ni kutochoka. Kila mtu huchoka. Nguvu ya anayeongoza ni kula wakati wa kula, kutua mahali pa kutua, kuomba msaada anapouhitaji, na kuinuka akianguka bila kuficha goti. Akijitunza hivyo, ndipo anaowaongoza nao watafika salama."

"Na aimbe," Cecilia alisema.

"Wewe usiimbe," Yustina alimwambia. "Leo tupumzike kweli."

Wakacheka. Paskalia alilowesha majani ya mwisho, akaangalia ngata ya mama yake, akaona imelegea upande. Akaisokota vizuri, akamrudishia. Kisha akajitwika tenga lake, akashika njia ya kuteremka, na mama yake akamfuata nyuma ya wengine.